Wekundu Unaotoka na Maji

Ndugu msomaji, kuna swali linanisumbua kichwa, nami nimeona heri nilimwage hapa ukurasani tulichambue pamoja. Je, ni halali mtu kuchezea hofu ambayo kwa jirani yake si mchezo?

Najua wapo watakaoguna, "Kijana huyu naye, tunangoja hadithi yeye anatuletea mahubiri!" Tulieni jamani. Mimi si mhubiri. Ni mtu wa kidato cha nne anayehangaika kuandika riwaya, na riwaya ninayoiota ina mchawi ndani yake. Kwa hiyo kesi hii ni yangu pia.

Tuanze na sikukuu ya watu. Kila tarehe 31 Oktoba, mkesha wa siku ya Watakatifu Wote, Wamarekani husherehekea kitu kinachoitwa Halloween. Wahamiaji kutoka Ireland ndio waliochangia sana kuipeleka kule. Watoto huvaa vinyago vya wachawi na mizuka, wakabisha hodi mlango kwa mlango kuomba peremende. Mwenye nyumba anajifanya kuogopa, anawapa, wanacheka, basi. Siku hizi hata vijana wa mijini kwetu wameanza kuiiga.

Msidhani wenzetu hawakuonja uchungu wa jambo hili. Katika mji wa Salem, Marekani, mwaka 1692, watu 19 walinyongwa kwa tuhuma za uchawi. Leo mji huohuo unajaa watalii kila Oktoba, na hata beji ya polisi wake ina picha ya mchawi amepanda ufagio! Wanacheka kwa sababu miaka zaidi ya 300 imepita, na hakuna bibi wa Salem anayelala akisikilizia kama mlango utavunjwa. Kidonda kimeshakuwa kovu.

Sasa rudi huku kwetu. Kati ya mwaka 1970 na 1984, zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara katika matukio yaliyohusishwa na uchawi. Zaidi ya nusu yao ni wa huku Usukumani, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Jambo hili liliitikisa hata Serikali. Katika msako wa wauaji hao mkoani Shinyanga, mahabusu kadhaa walikufa mikononi mwa vyombo vya dola, na mwaka 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi akajiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kubeba dhamana.

Na ushahidi ulikuwa nini? Macho mekundu! Kila mtu wa Shinyanga anajua macho hayo yanatoka wapi. Miti ni haba, kuni ni shida, bibi anapikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Moshi wa miaka hamsini ndani ya kibanda kisicho na dirisha, macho yatakuwaje meupe? Lakini mpiga ramli anasema ndiye huyo, na usiku wakata mapanga wanafika.

Kwenye ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Geita, hofu ilikuja na sura nyingine. Kuanzia mwaka 2007 hivi, watu wenye ualbino waliwindwa kwa sababu waganga waliwadanganya watu, wakiwemo wachimbaji, kwamba viungo vyao vinaleta bahati. Mwenye duara amechimba miezi bila kuona kitu, anaambiwa bahati yake imo katika mkono wa mtoto wa mwenzake. Mwaka 2009 Serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi. Leseni ilifutwa siku moja, ila imani haifutwi kwa tangazo.

Filamu zinaingia wapi? Mwaka 1978 John Carpenter alitengeneza filamu iliyoitwa Halloween. Kinyago cha muuaji wake kilikuwa cha dukani, sura ya mhusika wa kipindi cha televisheni, kikapakwa rangi nyeupe. Walipiga picha majira ya kuchipua wakati hadithi ni ya Oktoba, hivyo ikabidi wapake majani rangi, wayamwage barabarani, kisha wayaokote kwenda kuyamwaga tena. Ndiyo kazi yenyewe ilivyo, bwana. Nyuma ya kamera kuna ndoo ya rangi na watu wanaocheka, na mbele ya skrini kuna mtu anatetemeka.

Niliwahi kupata kibarua cha kubeba taa na nyaya katika kikosi cha filamu kilichokuja kijiji kimoja wilayani Kahama. Hadithi ilikuwa ya bibi mchawi. Ikasadifu tarehe 31 Oktoba, na vijana waliotoka mjini wakaamua kazi ikiisha tufanye Halloween. Mpambaji akawapaka wekundu kuzunguka macho, wakajifunga kaniki, jenereta ikawashwa, muziki juu. Mama mwenye uwanja tuliokodi alikuwa amekaa kwenye kigoda, anatazama. Nikamwamkia, "Mwadila, mayu." Akaitikia, kisha akauliza taratibu, "Mwanangu, huo wekundu wa macho unatoka na maji?"

"Unatoka, mayu."

"Basi wenzetu mna bahati."

Hakusema zaidi, akaingia ndani. Macho yake mwenyewe sihitaji kukueleza yalikuwa na rangi gani.

Mtetezi wa sanaa ataniuliza, "Kwani unataka tuache kabisa kuigiza mambo ya kutisha?" La hasha. Tukiikimbia hofu tutakuwa tumemwachia mpiga ramli aimiliki peke yake. Wasukuma wenyewe wanajua kuicheza. Nenda kwenye ngoma za Bagika na Bagalu uone mtu anacheza na chatu shingoni, watu wanarudi nyuma wanapiga kelele, kisha wanasogea tena. Ile ni Halloween yetu, tena kinyago chake kinapumua! Lakini ngoma ikiisha, hakuna jirani anayerudi nyumbani akiwa na sura ya chatu.

Kwangu mimi tofauti iko hapo. Kabla ya kupaka rangi mtu ajiulize: uso huu ninaouigiza ni wa nani, naye atalala wapi usiku wa leo? Mwigizaji atanawa. Kikosi kitapakia vyombo kwenye gari kiondoke. Bibi atabaki na uso wake palepale.

Mwingine atasema kosa ni la mtazamaji asiyejua kwamba ni mchezo tu. Hoja hiyo siikubali. Kijana aliyekaa kwenye banda la video Rwamgasa haoni ndoo ya rangi. Anachoona ni hadithi ambayo mganga alimtaja bibi, na mwishoni bibi kweli akakutwa mchawi. Kwa saa mbili ramli imethibitishwa kuwa haikosei. Hiyo nayo si ramli chonganishi, ila imetiwa muziki? Mbona filamu ya White Shadow ya mwaka 2013, iliyopigwa hapahapa Tanzania, inatisha kweli kweli, na shujaa wake ni kijana mwenye ualbino? Pale tunamwogopa mwenye panga, na tunayemhofia mabaya ni anayewindwa.

Wahenga walisema mchawi mpe mwana kulea. Nadhani walijua kwamba mtu unayemshuku, ukimkaribia na kumwamini, huwa anageuka kuwa mtu tu. Riwaya ina nafasi ya kufanya hivyo kuliko hata kamera, maana inaingia mpaka jikoni.

Kwa hiyo mchawi wangu simfuti. Atakuwemo, na msomaji ataogopa. Lakini nitaandika moshi kwanza, macho baadaye. Nitamwandika akitafuta kuni asizipate, akipuliza kinyesi kisichotaka kushika moto, akisikia watoto wa jirani wanakatiza mazungumzo anapopita. Atakayetaka kumwogopa baada ya hapo, amwogope akiwa ameshakula ugali wake.

Wenzangu mnaoandika, na nyie mnaobeba taa na kamera, mnasemaje? Mwenye hoja ya kunipinga ailete, ukurasa ni wetu sote.