Sikio Refu na Miguu Myepesi: Kasi kama Suala la Maadili katika Ngano ya Dhegdheer

Utangulizi

Miongoni mwa sifa ambazo fasihi huwavisha wahusika wake waovu, kasi ni mojawapo ya zile zilizochunguzwa kwa uchache mno. Nguvu za mwili, ulafi, hila na uchawi zimeandikiwa mengi. Lakini zimwi linalotisha kwa sababu hakuna awezaye kulikimbia huchukuliwa aghalabu kuwa pambo la kuwasisimua watoto. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kasi ya mhusika mwovu ni suala la kimaadili lenye uzito wake. Je, kasi ni chombo tu, chema mkononi mwa mwema na kibaya mkononi mwa mbaya, au ipo namna ya kasi ambayo yenyewe ni uovu? Swali hili litajadiliwa kwa kumrejelea Dhegdheer, zimwi la kike la ngano za Wasomali, wakiwemo wale wa Garissa na Kaskazini Mashariki ya Kenya, na kwa kumlinganisha na hasimu mmoja mashuhuri wa vibonzo vya Marekani. Hoja inayotetewa ni kwamba uovu wa kasi haumo katika mbio. Umo katika kuufuta muda ulioko kati ya kuweza na kutenda, muda ambao ndani yake mtu husikilizwa.

Dhegdheer na msafiri

Jina Dhegdheer lina maana ya mwenye sikio refu. Ni mwanamke mla watu aishiye nyikani, katika bonde la Hargega, na mawindo yake ni wasafiri waliopotea njia. Masimulizi yanatofautiana kama ilivyo desturi ya fasihi simulizi; hata hivyo, vipawa vyake viwili havibadiliki sana: sikio linalonasa kishindo cha nyayo kutoka mbali, na mbio zisizo na mshindani. Katika toleo la Marian A. Hassan lililochapishwa Minnesota mwaka 2007 kwa ajili ya watoto, wanaofukuzwa ni mjane na mwanawe mdogo, yaani watu wasio na mlinzi wala mali.

Uteuzi huu wa wahanga si wa kibahati. Katika nyika iliyoko kati ya Mto Tana na mpaka wa Somalia, ambako mifugo hufuata maji na malisho, hakuna mtu asiyekuwa msafiri siku moja. Maisha ya mfugaji huegemea imani kwamba mwenye kambi akisikia hatua za mgeni atatoka kumlaki. Dhegdheer naye husikia, naye hutoka haraka kuliko mwenyeji yeyote. Yeye ni ukarimu uliopinduliwa: anamwahi mgeni ili amle. Uovu wake, kwa hiyo, haukubuniwa kutoka katika mambo mageni kwa jamii. Umechongwa kutokana na wema uleule unaoishikilia jamii hiyo.

Kusikia na kusikiliza

Kiswahili kinatofautisha kusikia na kusikiliza, na tofauti hiyo ndiyo inayoifungua ngano hii. Kusikia ni kazi ya sikio. Kusikiliza ni kazi ya mtu. Dhegdheer husikia kuliko viumbe vyote, lakini hasikilizi. Nyayo humwarifu mahali alipo msafiri, basi. Hazimwambii msafiri ni nani, ametoka wapi wala ana shida gani. Kati ya sikio lake na miguu yake hakuna kituo. Sauti ikiingia, mwili umekwisha kuondoka.

Vladimir Propp, katika utafiti wake wa mwaka 1928 kuhusu muundo wa ngano, aliweka kufukuzwa na kuokolewa miongoni mwa majukumu 31 ya msingi. Kwa mtazamo huo wa kimuundo, kasi ya Dhegdheer ni nyenzo ya kuzidisha taharuki. Maelezo hayo ni sahihi lakini hayatoshi, kwa kuwa hayaelezi ni kwa nini wanaookoka hawapewi kasi kubwa zaidi. Mjane hapati mbawa. Masimulizi yana njia mbalimbali za kumwangamiza zimwi huyu, ila ushindi hautoki katika mashindano ya mbio. Katika toleo lililotajwa, ni wema wa mjane unaouvunja uovu. Dhegdheer akisha kufa, kifo chake hutangazwa kuwa amani ya nchi. Ngano inakataa kabisa kuitibu kasi kwa kasi.

Hasimu wa vibonzo

Msimamo huo unadhihirika zaidi ukilinganishwa na mapokeo ya vibonzo vya Marekani. Mwaka 1963, katika toleo la 139 la The Flash, mwandishi John Broome na mchoraji Carmine Infantino walimleta Profesa Zoom, mtu wa karne ya 25 aliyeipata nguo ya shujaa Flash, akaikuza nguvu iliyomo ndani yake na kuzigeuza rangi zake. Hapa kasi haina upande. Shujaa anayo na hasimu anayo. Kinachowatenganisha ni nia, na rangi ya nguo ndiyo alama ya nia hiyo. Kwa muda mrefu mgogoro wa wawili hawa ulitatuliwa kwa swali jepesi: nani ana mbio zaidi?

Lakini mapokeo hayo yenyewe yalifika mahali yakashindwa kuridhika na jibu hilo. Katika toleo la 324 la mwaka 1983, Flash, akimzuia Zoom asimuue mchumba wake, anamshika shingoni na kumuua. Tendo lile ni la nukta moja ya saa. Kesi inayolifuata iliendelea hadi toleo la 350 mwaka 1985. Mizani hii ina maana kubwa kuliko pengine waandishi walivyokusudia: tendo la kufumba na kufumbua limehitaji takribani miaka miwili ya mashahidi, mawakili na mashaka. Shujaa aliyeweza kuupita muda amerudishwa ndani ya muda ili asikilizwe. Mahakama, ambayo kwa asili huenda polepole, inafanya kazi ambayo miguu yake haikuweza kuifanya.

Je, polepole ni wema?

Hapa linazuka pingamizi lisiloweza kupuuzwa. Je, hoja hii haigeuki kuwa sifa tupu ya uzembe? Methali za Kiswahili zenyewe hazikubaliani. Haraka haraka haina baraka, lakini pia chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Tena simba mwenda pole ndiye mla nyama. Yaani mwendo wa taratibu nao waweza kuwa mwendo wa muuaji.

Ngano ya Nunda, mla watu, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyiko wake wa hadithi za Unguja, inalitia pingamizi hili nguvu. Paka wa Sultani anaanza kwa kula vidogo, anaendelea kwa vikubwa, na kila raia akija kushtaki Sultani hujibu kwamba paka ni wake na kilicholiwa ni chake. Anangoja hadi paka anapowala watoto wake mwenyewe. Sultani ana muda wa kutosha, na muda huo haumfai mtu. Bila shaka kosa lake si uchache wa mbio. Anawasikia washtaki na hawasikilizi, sawasawa na Dhegdheer. Mmoja haachi nafasi kati ya sauti na tendo. Mwingine anaiacha nafasi hiyo tupu milele. Kwa hiyo kipimo cha maadili si saa. Kipimo ni iwapo katika muda uliopo, mfupi au mrefu, neno la mwenzio limepewa mahali.

Ngano na historia ya Garissa

Si halali kuifanya ngano kongwe kuwa fumbo la tukio moja la kisasa. Hata hivyo, msomaji wa Garissa haisomi ngano hii katika ombwe. Mnamo Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini humo, vikosi vya usalama viliichoma mitaa, Bulla Kartasi ukiwa ndio unaokumbukwa zaidi, na wakazi wakakusanywa katika uwanja wa shule. Adhabu iliwafikia watu kabla ya swali. Aliyeua na aliyelala walihesabiwa kuwa kishindo kimoja cha nyayo.

Kabla ya hapo, Sheria ya Kinga ya mwaka 1970 ilikuwa imewakinga watumishi wa serikali dhidi ya mashtaka kwa matendo yao katika eneo hilo kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967. Plato, katika kisa cha pete ya Gyges, aliuliza iwapo mtu asiyeweza kuonekana angebaki kuwa mwadilifu. Kinga ni pete ya namna hiyo, na kasi isiyofikiwa ni pete nyingine: zote mbili humweka mtendaji mahali ambapo sauti ya aliyetendewa haimfikii. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilitoa ripoti yake mwaka 2013, miaka 33 baada ya moto wa Bulla Kartasi. Hapo Garissa ilikutana na uovu wa ngano zote mbili: adhabu ilikwenda kwa miguu ya Dhegdheer, na usikilizaji ukaja kwa mwendo wa Sultani wa Nunda.

Hitimisho

Imebainika kwamba vibonzo vya Marekani vilianza kwa kuiona kasi kuwa chombo kisicho na upande, vikaishia mahakamani. Ilhali ngano ya Kisomali ilikuwa imekwisha kuamua kwamba ipo kasi ambayo yenyewe ni ulaji wa watu. Ni kasi ya anayewahi kufika kabla ya neno. Uhakiki unaomweka Dhegdheer katika kapu la vitisho vya watoto unaipoteza hoja hiyo. Mtoto anayeambiwa habari za sikio refu haonywi tu asipotee njia. Anaandaliwa kwa siku ambayo yeye mwenyewe atakuwa na nguvu, atasikia nyayo gizani, na itambidi aulize kwanza ni nani anayepita.