Chapati ya Katesh

Abiria wa Tanzania hubeba ramani yake mdomoni: Muheza ni machungwa, Singida ni kuku wa kienyeji. Basi la kutoka Babati kwenda Singida likisimama Katesh, chini ya Mlima Hanang, msafiri akaulizia chakula cha hapa, anaweza kuletewa chapati na maziwa ya mgando. Maziwa atayakubali, kwa kuwa Wabarabaig ni wafugaji. Chapati ataiona si ya asili.

Lakini chapati nayo ina habari za hapa. Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la NAFCO lilitanua mashamba ya ngano kwenye nyanda za Basotu hadi kufikia takribani ekari 100,000. Nyanda hizo zilikuwa malisho ya Wabarabaig, na humo mlikuwa na makaburi ya wazee wao. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile, sababu moja ikiwa kwamba hawakuthibitisha kuwa ni wazawa kwa maana ya sheria.

Je, na sisi tunapodai "chakula cha asili" hatuwatakii watu jambo lilelile, wathibitishe uzawa wao, safari hii mezani? Tunatamani ladha isiyo na historia: maziwa ya kwenye kibuyu, asali ya Wahadzabe wa Yaeda Chini kule Mbulu. Tunasahau kuwa hata mahindi yalitoka Amerika, na hakuna atakayemwambia Mwiraqw kwamba ugali si wake.

Mtu atasema: basi kila kilichozoeleka ni halali. Hapana. Kuzoeleka si kuhalalika. Mkulima aliyeyapokea mahindi aliyapanda shambani mwake mwenyewe. Ngano ya Basotu ilipandwa kwenye malisho ya mwingine.

Kuisusa chapati hakutarudisha malisho. Mama lishe anayeisukuma hakumpokonya mtu ardhi, na huenda unga wake umetoka kwingine kabisa. Deni la msafiri ni kuuliza zaidi ya ladha: nani alisogezwa ili sahani hii ijae?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hataponywa na mgeni anayetaka chakula chake bila kutaka kujua yaliyompata.