Damu Yako Si Hakimu Wako

Andiko: Ezekieli 18:1-20, Mwanzo 4:1-8



Waisraeli walikuwa na msemo wao kwamba mzee akila zabibu mbichi, anayeumwa na meno ni mtoto. Mungu akamtuma Ezekieli awaambie waukome, kwa sababu kila mtu atajibu yake mwenyewe. Na sisi tunao wetu: "Mtoto wa nyoka ni nyoka." "Usiolee huko, ile ni damu ya wizi."

Siku hizi msemo huo umevaa koti jeupe la maabara. Mwaka 1993 watafiti walichapisha habari za ukoo mmoja wa Uholanzi. Wanaume kadhaa wa ukoo huo walikuwa na vurugu, na wote walikuwa na kasoro katika jeni iitwayo MAOA, inayosaidia kusawazisha kemikali za ubongo. Mawakili wakaona mlango. Kule Georgia, Marekani, mawakili wa Stephen Mobley, aliyeua mtu mwaka 1991, waliomba apimwe jeni hiyo. Mahakama ikakataa, na mwaka 2005 akauawa kwa sindano. Mwaka 2009, katika kesi nyingine kule Tennessee, ushahidi wa jeni hiyo ulisikilizwa, pamoja na habari za mateso ya utotoni. Mshtakiwa aliponea hukumu ya kifo. Lakini jela hakuiponea: alipewa miaka 32.

Umeona hapo, mpendwa? Korti ilisikiliza, lakini haikumwambia aende nyumbani. Jeni ni mzigo, si amri. Kuna wanaume wengi wenye aina dhaifu ya jeni hiyo ambao hawajawahi kumwinulia mtu mkono.

Sasa mwangalie Kaini. Kabla hajamuua Habili, Mungu alimwonya kwamba dhambi imelala mlangoni, na kwamba yeye anapaswa kuitawala. Mungu hakumwambia, "Wewe ndivyo ulivyozaliwa." Asiye na nafasi ya kuchagua haonywi!

Lakini tusikimbilie upande wa pili tukasema hakuna ugonjwa. Mwaka 1966 Charles Whitman aliwapiga watu risasi kutoka mnara wa Chuo Kikuu cha Texas. Alikuwa ameacha barua akiomba ubongo wake uchunguzwe, na madaktari wakakuta uvimbe. Mpaka leo wataalamu wanabishana kama uvimbe huo ndio uliomsukuma. Hata sheria yetu hapa Kenya, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 12, inasema mtu hana hatia ikiwa ugonjwa wa akili ulimfanya asielewe anachotenda, au asijue kwamba ni kosa. Kwa hiyo ndugu yako akianza kubadilika, kusikia sauti na kutishia watu, usimfungie chumbani ukisema ni pepo tu. Tutamwombea, na hospitali mpeleke.

Kijana mmoja alinijia baada ya maombi ya Jumatano. Babake yuko gerezani kwa mauaji. Akaniuliza, "Pasta, na mimi nitakuwa hivyo?" Nikamuuliza nani amemwambia hivyo. Akanyamaza, halafu akasema, "Watu wa kanisa."

Wapendwa, hilo liliniuma. Hakimu wa dunia hawezi kumfunga mtu kwa sababu ya damu ya babake, lakini sisi tumemfunga huyu kijana bila kesi. Tumemnyima hata kushika kapu la sadaka!

Kijana, sikia. Kama hasira iko kwenu, usiifiche. Ijue, iungame, tafuta mzee wa kanisa wa kutembea nawe, na pombe iache kabisa. Unaweza kuitawala, na Roho Mtakatifu atakusaidia.

Na wewe mwenye ulimi, wiki hii mtafute yule uliyemwita damu mbaya. Mpe mkono. Mkaribishe chai kwako.

Baba, tufundishe kupima kwa haki na kupenda bila kuogopa. Katika jina la Yesu, Amina.