Yapime Maji, Mwanangu

Mwanangu, mwezi haujawahi kutudanganya. Ukiandama, na ukiwa mpevu, bamvua linakuja. Maji yanakupwa mpaka karibu na mwamba, na sisi wanawake wa Jambiani, Paje na Bwejuu hapa Unguja tunashuka na kamba zetu za mwani. Bibi yangu alizijua saa za maji bila ya kuwa na saa. Alishuka kuchokoa pweza na kuokota chaza, akarudi kabla maji hayajamfika magotini. Alinifundisha mimi, nami nimekufundisha wewe. Hilo lishike. Halijabadilika.

Kilichobadilika ni joto la maji yenyewe. Yamebadilika pia majira ya mvua, na ladha ya maji ya kisimani. Nataka tuyazungumze haya polepole, kwa sababu najua una haraka. Umeniambia kuwa elimu ya wazee imepitwa na wakati, kwamba bahari hii si ile tena, na bora uache yote uanze mapya. Sikukasirika. Kuna kweli ndani ya maneno yako. Lakini ukitupa yote, utatupa na yale ambayo bado yanakufaa. Mimi kosa langu lilikuwa la upande wa pili. Nilishika yote, nikidhani kila nilichorithi kina nguvu ileile. Nilichelewa kujifunza kuchambua kipi kimebaki na kipi kimegeuka. Kazi hiyo ndiyo ninayotaka uianze ukiwa bado kijana.

Mwani wa biashara ulianza kulimwa huku kwetu mwaka 1989. Mbegu zilitoka Ufilipino. Wanaume wengi waliuona ni kazi ndogo, wakaendelea na madema na ngalawa zao. Sisi tukaingia majini. Kwa mara ya kwanza wengi wetu tulishika fedha tulizozihesabu wenyewe. Tulinunua mabati, tukalipia sare za skuli, tukaacha kuomba hela ya chumvi. Leo Zanzibar ina wakulima wa mwani zaidi ya 20,000, na walio wengi ni wanawake. Kwa hiyo nikikwambia maji yamekuwa ya moto, nakwambia habari za chakula cha nyumbani.

Unajua tunalima aina mbili. Ipo spinosamu, na ipo kotonii. Kotonii ndiyo iliyopendwa na wanunuzi, kwa sababu viwanda vinautaka sana ute wake. Ute huo huingia katika dawa ya meno, aiskrimu, hata dawa za hospitali. Bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya spinosamu. Kisha, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, kotonii ikaanza kutukataa. Matawi yalipauka yakawa meupe, yakalegea, yakakatika kwa kuguswa tu. Unaacha kamba zimejaa, bamvua linalofuata unakuta kamba tupu.

Mimi nilisema mbegu ndiyo mbovu. Nikatafuta mbegu nyingine kijiji cha jirani, nikaifunga kwenye kamba zilezile, nikazirudisha kwenye vigingi vilevile, mahali palepale. Ikafa. Nikarudia msimu uliofuata, na mwingine tena. Nilikopa ili nirudie. Wengine tulianza kutupiana macho, huyu akidhani yule amemfanyia hasadi, yule akidhani huyu anaiba usiku. Urafiki wa miaka ulipoa kwa ajili ya jambo ambalo hakuna binadamu wa kijijini aliyelifanya. Hayo ndiyo yaliyoniuma zaidi, kuliko hata deni.

Watafiti wetu wa mwani, akiwemo Dkt. Flower Msuya, wameyaandika haya kwa miaka mingi: bahari imepata joto. Sikiliza jinsi jambo lenyewe linavyokwenda, maana ukilielewa hutamsingizia jirani. Siku za bamvua, maji ya kwetu hupwa kabisa kati ya saa nne na saa sita mchana. Yanayobaki juu ya mchanga ni machache, na jua la kaskazi linayapiga bila huruma. Yakizidi joto ambalo mmea unaweza kulivumilia, mmea unadhoofika, na mmea dhaifu hushikwa na maradhi upesi. Zamani pia maji yale yalipata moto mchana. Lakini bahari nzima ilikuwa imepoa zaidi, kwa hiyo ile nyongeza ya mchana ilivumilika. Leo inaanzia juu.

Umeona? Bamvua halikugeuka. Linakuja siku yake, saa yake. Ila sasa linaukuta mwani katika bahari nyingine. Jambo tulilolizoea likikutana na jambo jipya, ndipo tunapoumia, kwa sababu macho yetu yanatazama lile tulilolizoea tu.

Joto hilo limetoka wapi? Limetokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe yanayochomwa duniani kwa miaka mingi. Moshi wake unaizuia dunia kupoa, na zaidi ya asilimia 90 ya joto lililozidi limeingia baharini. Matumbawe ya upande wetu huu wa Bahari ya Hindi yalipauka vibaya mwaka 1998, na tena mwaka 2016. Bara zima la Afrika linatoa kama asilimia 4 tu ya hewa hiyo chafu. Una haki ya kukasirika, mwanangu. Mimi pia nakasirika. Mwanamke aliyetembea kwa miguu kwenda pwani maisha yake yote analipa gharama ya magari ambayo hakuyapanda. Yaseme hayo popote utakapopata nafasi ya kuyasema, wala usione haya. Lakini ukishayasema, rudi kwenye kamba zako. Hasira peke yake haivuni.

Sasa nikupe ninayoyajua.

Usihamishe shamba zima kwa siku moja. Kutoka mbegu mpaka kuvuna ni kama wiki sita. Kwa hiyo swali moja unaloiuliza bahari litakuchukua wiki sita kujibiwa, na jibu la kusi si jibu la kaskazi. Chukua kamba chache. Peleka nyingine kwenye maji ya kina, bakisha nyingine pale pa zamani. Jaribu kotonii kidogo miezi ya kusi, maji yanapopoa. Spinosamu iendelee kukulisha wakati unajaribu. Najua mwaka mzima wa kujaribu unaonekana mrefu kwako. Mimi nilipoteza miaka mingi zaidi kwa kukataa kujaribu.

Maji ya kina yanataka kitu kingine. Mwana maji wa Kwale, kufa maji mazoea, walisema wazee. Nimeishi na bahari hii tangu utoto, na sijui kuogelea. Wenzangu wengi hawajui. Hatukuhitaji, kwa sababu tulifanya kazi maji yakiwa chini. Leo mwani unatuita tusogee kule ambako miguu haifiki, na mimi siwezi kwenda. Wewe kajifunze. Kajifunze kabla hujachanga fedha za boti na kabla hujanunua neti za mwani. Usione aibu kuwa msichana mkubwa anayefundishwa kuogelea. Wapo wanawake wa pwani hii wanaofundishwa sasa, nao wana watoto.

Usiweke tumaini lako lote kwenye mmea mmoja. Wenzetu wa Paje wanatengeneza sabuni ya mwani, wanachanganya na mafuta ya nazi na ya karafuu. Hapa Jambiani wapo wanaolima sifongo baharini. Kilo ya mwani mkavu anayopewa mnunuzi haina bei ya kilo hiyohiyo ikishakuwa sabuni. Lakini jiunge na wenzako. Sabuni ya mtu mmoja haimfikishi sokoni, na boti haiwezi kununuliwa na mtu mmoja. Ule wakati tuliotupiana macho, tungekaa kikundi tukaulizana, tungegundua mapema kwamba mwani unakufa kwa kila mtu.

Tukitoka baharini, kuna shamba. Wazee wa Makunduchi na wa huku kwetu walihesabu siku kwa miongo, kumi kumi, tangu Siku ya Mwaka. Walijua mwongo gani wa kusafisha uwanda na mwongo gani wa kupanda. Hesabu ile naiheshimu. Lakini mvua haiifuati tena kama zamani. Masika yanaweza kuchelewa, au yakashuka kwa siku chache maji ya mwezi mzima. Basi usizike mbegu yote kwa mvua ya kwanza. Panda nusu. Nusu nyingine iweke ndani mpaka uone mvua imekaa. Na muhogo usiudharau, kwa sababu unasubiri pale ambapo mahindi yanakauka.

Kuna kisima. Ardhi yetu ni ya mawe ya matumbawe, na chini yake bahari ipo. Maji matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Kisima kikianza kukolea chumvi, watu hukimbilia kukichimba zaidi. Usifanye hivyo. Ukichimba chini na ukivuta kwa pampu siku nzima, unaipandisha chumvi kwa mkono wako mwenyewe. Chota kidogo, kiache kipumzike. Weka mfereji kwenye bati, uvune maji ya mvua ya masika. Pemba kuna mabonde ya mpunga yaliyoingiliwa na maji ya bahari, na watu waliokuwa wakivuna humo sasa wananunua mchele. Kwa hiyo mchanga wa pwani usiuuze, hata anayetaka kujengea akikupa bei nzuri. Mikoko ya Chwaka usiikate, wala usinunue kuni zake. Hiyo ndiyo ngao tuliyonayo.

Na mwili wako pia ni mali. Zamani tulijisifu kwa kukaa majini mpaka jua la utosi. Leo sikushauri. Beba maji ya kunywa. Vaa kofia pana ya ukili juu ya mtandio. Kichwa kikianza kuuma na jasho likakauka, toka, hata kama kamba hazijaisha. Mwenzako akiwa mjamzito mpunguzieni kazi za jua kali. Mwani utapandwa tena.

Kisha sikiliza utabiri. Mwezi Mei mwaka 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotangaza Kimbunga Hidaya, niliwasikia wazee wenzangu wakisema vimbunga si vya huku. Kimbunga kile kilifika Mafia na pwani ya Bara, na usafiri wa boti kati ya Unguja na Dar es Salaam ukasimamishwa. Na kabla yetu sote, mwaka 1872, kimbunga kilikipiga kisiwa hiki cha Unguja kikaangusha mikarafuu. Aliyekiona hayupo tena, ndiyo maana tukadhani hakijawahi kuja. Kumbukumbu ya mtu ni fupi, mwanangu, hata ya mzee. Mzee akikwambia jambo fulani halijatokea, muulize tangu lini.

Ndiyo maana nimekununulia daftari na kipimajoto. Kipimajoto cha maji si ghali. Kila unaposhuka pwani, pima maji, uandike tarehe, saa na joto. Andika rangi ya mwani wako. Andika siku mvua ya kwanza iliponyesha na siku ilipokatika. Andika siku uliyoonja chumvi kisimani. Andika na la jirani yako, si lako tu. Itakuchosha. Mwezi wa kwanza utaona unaandika mambo yasiyo na maana. Mwaka wa kwanza utaona kidogo. Mwaka wa tatu utaanza kuona kipi kinarudi na kipi hakirudi, na hapo hutamhitaji mtu wa kukuambia upande nini.

Mimi sikuandika. Nilibeba yote kichwani, na kichwa kikachanganya miaka mizuri na miaka mibaya, kikaniambia mambo yatarudi kama zamani. Sitaki na wewe umwachie mwanao kichwa tu. Atakapokuuliza bahari ilikuwaje, usimjibu kwamba zamani haikuwa hivi, ukaishia hapo. Mfungulie daftari, msome pamoja, mwonyeshe ulipokosea na ulipopatia, kisha mwachie naye kalamu.

Nenda basi, na Mwenyezi Mungu akusimamie katika kila utakalolipanda.