Nani Analipa Saa Zangu?

Swali ninaloulizwa sana siku hizi ni, "Unabalance aje?" Wanaouliza ni marafiki wa Nairobi, watu wazuri, na wanauliza kwa sababu wanajua nina mambo matatu mkononi. Kuna nyumbani Eldas, ambako mama yangu anaishi na kisukari na mimi ndiye kifungua mimba. Kuna kikundi cha vijana tunaokutana kila Jumamosi, mpira kwanza halafu mazungumzo: vitambulisho, kura, miraa, ugomvi wa koo. Na kuna programu ya uongozi ya serikali iliyonichukua mwaka huu, inayotaka niwe Nairobi wiki mbili kila baada ya miezi mitatu. Katikati ya hayo naandika, makala moja hapa nyingine pale, ndizo zinazolipa bando.

Hilo neno silipendi. Mizani ni kitu cha duka. Muuza sukari anaweka jiwe upande huu, sukari upande ule, na vyote viwili ni vyake. Ukisema unapima familia, vijana na uongozi, umeshakubali kimyakimya kwamba unachopima ni mali yako. Saa 24, zako, zigawe upendavyo. Mimi nikizihesabu zangu vizuri naona nyingi ni za mtu mwingine.

Chukua hizo wiki mbili. Nikiwa Nairobi maji hayajichoti. Lori la maji likija, lazima mtu asimame kwenye foleni na mitungi. Lisipokuja, lazima mtu atoke na mkokoteni wa punda kabla jua halijawa kali. Kuna dawa za hooyo asubuhi na jioni, kuna mbuzi wachache waliobaki, kuna wadogo wawili wa kupelekwa shule na wa kupelekwa chuo cha Kurani. Mtu huyo ana miaka 19, alimaliza kidato cha nne na anangoja kuingia chuo cha uuguzi. Ni dada yangu. Kwenye rejista ya programu mimi nimehudhuria siku 14. Yeye hajahudhuria chochote.

Niliacha chuo kikuu mwaka wa pili, wakati wa ule ukame wa misimu mitano mfululizo bila mvua ya maana, kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022. Mbuzi walikuwa ndiyo karo, na mbuzi waliisha. Lakini kabla ya kufunga virago nilipata somo moja la falsafa, na kutoka kwalo nilibeba mfano mmoja ambao bado natembea nao. Oktoba 1945, Jean-Paul Sartre alitoa mhadhara mjini Paris akaeleza habari za kijana aliyemwendea wakati wa vita. Kaka yake aliuawa 1940, mama amebaki na yeye tu. Kijana anataka kutorokea Uingereza ajiunge na jeshi la Wafaransa huru. Akibaki, anajua kila siku anamsaidia mtu mmoja. Akienda, labda atasaidia taifa zima, na labda ataishia kwenye ofisi fulani akijaza makaratasi. Sartre akamwambia: uko huru, chagua.

Darasani jibu hilo lilinipendeza sana. Lilikuwa na ukali fulani wa kiume. Nikiwa Eldas ndipo nikaona kwamba katika mfano wote ule mama haongei. Anawaziwa, anahurumiwa, ila hakuna anayemwuliza. Kwetu jambo kama hilo lingekaliwa kikao. Abti angeitwa, wazee wawili wangekaa kwenye mkeka, chai ya maziwa ya ngamia ingechemshwa na mazungumzo yangevuka usiku wa manane. (Kisha ujiulize nani anachemsha hiyo chai, na kama ana nafasi kwenye mkeka.)

Kuna hadithi mashuhuri ya mtu aliyemwendea Mtume kuomba ruhusa ya kwenda jihadi. Aliulizwa kama wazazi wake wako hai, na aliposema ndiyo, akaelekezwa jitihada zake azifanye kwao. Masheikh wetu huitumia kuwarudisha vijana nyumbani, sawa. Mimi nachukua kitu kidogo zaidi ndani yake: kabla ya jibu kulikuwa na swali. Aliulizwa nyuma yake kuna nani.

Sasa mtu atasema, basi tubaki sote nyumbani tuchote maji. Hapana. Mimi sidharau hiyo programu hata kidogo, na sababu yake inajulikana na kila mtu wa kaskazini mashariki. Nilipomwambia hooyo kwamba serikali imeniita Nairobi, jambo la kwanza aliloniuliza lilikuwa, "Umefanya nini?" Alizaliwa chini ya hali ya hatari, iliyodumu kwetu tangu 1963 hadi 1991. Februari 1984 wanaume walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, na wengi hawakurudi. Serikali ikikuita, kwa kizazi chake, unaaga. Kwa hiyo kijana wa Eldas kukaa kwenye meza moja na maafisa, akiuliza maswali na jina lake likiandikwa kwa heshima, si jambo dogo. Kazi ya vijana nayo si ya kupitisha wakati. Agosti 2022 sehemu za Eldas zilipiga kura siku moja baada ya wenzetu kwa sababu ya vurugu, na vurugu za aina hiyo hazikosi vijana.

Mambo yote matatu ni ya haki, na ndiyo maana swali ni gumu.

Namkumbuka Dekha Ibrahim Abdi, na kama uko Nairobi na hujawahi kusikia jina lake, tafadhali litafute. Mwanzo wa miaka ya tisini Wajir ilikuwa kwenye vita vya koo. Dekha hakuwa amefika miaka 30, mama kijana. Yeye na wanawake wenzake walianzia sokoni: wahakikishe mwanamke wa ukoo wowote anauza na kununua bila kufukuzwa. Kutoka hapo wakawafikia wazee, wakaja vijana, na kufikia 1995 kamati ya amani ya Wajir ilikuwa imeingizwa katika mfumo wa wilaya wenyewe, na mkuu wa wilaya akiwa mwenyekiti. Mwaka 2007 alipewa Tuzo ya Right Livelihood.

Kinachonigusa hapo ni soko. Kazi ilianza mahali ambapo wanawake walikuwepo tayari, na vikapu vyao. Hawakuambiwa wakaache vikapu kwa mtu ndipo waje kufundishwa uongozi. Serikali ndiyo iliyowafuata. Simtaji kama mtu aliyepata mizani, maana baadaye safari zilikuwa nyingi, na Julai 2011 ajali ya barabarani akiwa kwenye kazi hiyo hiyo ya amani ilimchukua yeye na mumewe. Gharama ilikuwepo. Lakini mwanzo ule wa sokoni unaonyesha kwamba mpangilio wa programu ni uamuzi wa watu. Haukuteremka na mvua.

Programu ya wiki mbili mbali na nyumbani ni chujio. Inawapitisha wale ambao wakiondoka kuna mtu wa kubeba mzigo. Kwenye kundi letu wanaume tuko wengi mno, na mwezeshaji mmoja alitueleza kwa masikitiko ati wasichana wa kaskazini hawatumi maombi. Katiba ya 2010, kifungu cha 55, inaitaka serikali ichukue hatua vijana wapate nafasi ya kushiriki. Kifungu cha 27 kinasema jinsia moja isizidi theluthi mbili kwenye vyombo vya uteuzi na uchaguzi. Vizuri. Sasa niambie dada yangu atatuma maombi saa ngapi, kama yeye ndiye anayebeba ya kwangu?

Nilimwuliza, bila shaka. Kabla ya safari ya kwanza nilimwambia, "Abaayo, niende?" Akasema, "Nenda," haraka kabisa, bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria. Hiyo "nenda" ndiyo iliyonikosesha usingizi. Ridhaa ina thamani pale ambapo kukataa kungeweza kubadilisha kitu. Katika nyumba ambayo msichana hajawahi kuona hapana yake ikifanya kazi, ndiyo yake ni kama salamu tu.

Safari iliyofuata niliuliza kwa njia nyingine. Nilimwambia akikataa nitaandika barua ya kuahirisha, na hooyo hatajua imetoka kwake. Kisha nikanyamaza. Alikaa siku tatu. Nilitarajia machozi au lawama; alichokuja nacho kilikuwa bei. Kwanza, kutoka kwenye posho yangu alipwe kijana wa jirani mwenye punda, kwa siku zote ambazo sipo. Pili, kikundi cha Jumamosi kihame kutoka asubuhi hadi alasiri, ili naye aje, na si kuja kupika chai. Tatu, Septemba chuo chake kikifunguliwa, mimi niwe Eldas mwezi mzima.

Mawili ya kwanza yalikuwa rahisi, ukiacha vijana wawili walionung'unika kuhusu jua la alasiri. La tatu linagongana na awamu ya Septemba ya programu. Niliandika kuomba niifanye awamu hiyo baadaye, au kazi zake nizifanye nikiwa nyumbani kwa simu. Nilijibiwa kwa upole kwamba ratiba ni moja kwa washiriki wote, na anayekosa awamu hapati cheti.

Septemba nitakuwa Eldas. Cheti kitanipita. Na kiti changu hakitabaki wazi, kitakaliwa na kijana mwingine mwenye dada ambaye hakuulizwa, na sijui kama hapo nimepunguza dhuluma au nimeihamisha tu kutoka boma moja hadi lingine. Rafiki yangu mmoja wa Eastleigh ananiambia nimetupa nafasi ambayo kaskazini yote inaililia. Sina jibu la kumnyamazisha.

Jumamosi hii tunakutana saa kumi. Abaayo amechukua mada ya kwanza: kwa nini foleni ya maji imejaa wasichana na uwanja wa mpira umejaa sisi. Ameniomba nisiwe mwenyekiti siku hiyo.