Unene wa Wanafunzi: Kosa la Nani?

Kijana wetu akirudi kutoka chuoni amenenepa, kwanza twamsifu: "Umenawiri!" Unene ukizidi, twamwita mlafi. Je, tunahukumu kwa haki?

Tuangalie maisha yake. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa, kule Tunguu, huenda kwa daladala, hukaa darasani mchana kutwa, na usiku, akiwa na vitabu vyake, chakula kilicho karibu ni chipsi mayai. Wenzake wakila, kukataa huonekana kujitenga. Chupa moja ya soda ya mililita 300 huweza kuwa na gramu 30 za sukari. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba mtu mzima asizidishe gramu 50 hivi kwa siku. Samaki wa diko la Malindi wapo, lakini wataka jiko na wasaa.

Hatusemi kijana hana hiari. Kuwa na kiasi ni wajibu wake. Lakini aliyeandaa meza naye ana sehemu yake. Basi sisi wazazi tumfundishe kupika kabla hajaondoka, na akirudi tusimlazimishe sahani ya pili ili tuonekane tunampenda.