Jina la mahali ni la nani?

Jina la mahali huweza kutoka kwa wenyeji, kwa mtawala au kwa waombolezaji. Kindu, makao makuu ya mkoa wa Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, imepitia njia zote tatu.

Wakati wa ukoloni mji huu uliitwa Kindu-Port-Empain, kwa heshima ya Édouard Empain, tajiri wa Ubelgiji ambaye kampuni yake ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902, ilijenga reli za mashariki mwa Kongo. Aliyekuwa na fedha alijiona ana haki ya kutoa jina. Jina lake limeondoka, Kindu limebaki. Komuni tatu za mji huu zinaitwa Kasuku, Mikelenge na Alunguli, hii ya mwisho ikiwa ng'ambo ya mashariki ya mto Lualaba.

Novemba 1961 wanajeshi 13 wa anga wa Italia, waliotumikia Umoja wa Mataifa, waliuawa Kindu. Ndipo mitaa kadhaa nchini Italia ikapewa jina la mashahidi wa Kindu. Huko neno hilo ni kilio. Kwa mkazi wa Kasuku ni nyumbani.

Basi jina si mali ya anayeliandika kwenye kibao. Mtawala huliamuru, lakini watu ndio hulipa uhai kwa kulitamka na kulirithisha. Jina lisilo na wa kuliita hufa. Lenye kuitwa kwa upendo au kwa majonzi hudumu.